Jairobasi la Léopoldville

Katika taarikhi ya mabasi ya mijini lipo basi moja ambalo waandishi wengi hulitaja kwa sentensi mbili tatu za mshangao, kisha wakalipita, nalo ni lile lililoitwa jairobasi: gari la abiria lisilokuwa na tangi la mafuta, wala betri ya kuliendesha, wala waya wa umeme uliotandazwa juu ya njia yake, bali lililobeba chini ya sakafu gurudumu moja la chuma lenye uzito wa tani moja na nusu, likizunguka ndani ya sanduku lililofungwa barabara, na kwa nguvu ya mzunguko huo peke yake likawachukua watu kutoka kituo hadi kituo. Halikuwa ndoto ya karatasini. Lilibeba abiria waliolipa nauli huko Uswisi, Kongo na Ubelgiji, baina ya mwaka 1953 na mwaka 1960. Na kundi lake kubwa kuliko yote halikuwa Ulaya lilikobuniwa, bali lilikuwa Afrika, katika mji wa Léopoldville ambao leo huitwa Kinshasa.

Nia yangu ni kulitoa basi hili katika daftari la vioja na kulitia katika daftari la hoja, maana ndiko linakostahili kuwekwa. Kila atakaye kuendesha mji kwa mabasi ya umeme hana budi kujibu suali moja kabla ya mengine yote, nalo ni mahali gani pa kuuweka mzigo wa nguvu. Anaweza kuuweka njiani, kwa kutandaza waya juu ya barabara kutoka mwanzo hadi mwisho, kama yafanyavyo matrolibasi. Anaweza kuuweka ndani ya gari lenyewe, kwa kulibebesha asubuhi nguvu ya kutosha siku nzima. Au anaweza kuuweka kituoni, pale ambapo basi husimama kwa vyovyote ili abiria washuke na kupanda, likapewa kila liwapo hapo akali ya nguvu ya kulifikisha kituo cha mbele. Jibu hili la tatu ndilo lililotolewa na jairobasi, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba lilikuwa jibu sahihi, ila lilitiwa katika chombo kisichoweza kulistahimili.

Aliyelibuni alikuwa mhandisi Bjarne Storsand, mkuu wa wahandisi katika kiwanda cha Maschinenfabrik Oerlikon huko Zürich, naye aliishughulikia fikra hiyo katika miaka ya 1940, wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zimeonja uchungu wa kukosa petroli. Katika miaka hiyo ya vita mabasi ya miji mbalimbali yalionekana yakipita yamebeba juu ya paa mikoba mikubwa ya gesi, au yakikokota nyuma tanuri la kuchomea makaa na kuni ili moshi wake uendeshe injini; vyombo vya dhiki, vilivyoachwa mara tu mafuta yaliporudi. Uswisi, ambayo haikujaaliwa visima vya mafuta lakini imejaaliwa milima na maporomoko ya maji ya kuzalisha umeme, ilikuwa na sababu ya kutafuta dawa ya kudumu zaidi. Kwenye njia zenye abiria wengi dawa ilikuwepo tayari, yaani trolibasi na tramu. Taabu ilikuwa kwenye zile njia za pembeni, zenye abiria wachache na mabasi machache, ambako gharama ya nguzo na nyaya haikuweza kurudi kwa nauli hata kwa miaka mingi. Na betri za zama zile, zilizotengenezwa kwa risasi na tindikali, zilikuwa nzito, zenye nguvu haba, na zenye kuchukua saa nyingi kujaa. Njia hizo za pembeni ndizo Storsand alizokusudia, na jambo hili msomaji alishike vema, kwa kuwa tutalihitaji tutakapofika Kongo.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Gurudumu lake lilikuwa na upana wa mita 1.6 hivi, nalo lililazwa kibapa katikati ya gari, mhimili wake ukisimama wima, na lilipojaa lilikuwa likizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukifanya hesabu utaona kwamba ukingo wake ulikuwa ukikimbia kwa kasi ya takriban kilomita 900 kwa saa, ndani ya basi ambalo abiria wake walikwenda kwa kilomita 50 au 60. Kwa kasi hiyo hewa ya kawaida hugeuka kuwa breki. Kwa hiyo sanduku la gurudumu lilijazwa hidrojeni iliyopunguzwa kanieneo, gesi nyepesi kuliko zote, ambayo hupunguza msuguano na hali kadhalika huondoa joto vizuri kuliko hewa. Juu ya mhimili huohuo iliungwa mota ya umeme wa fezi tatu.

Dereva alipofika kituo chenye nguzo ya kuchajia alilisimamisha basi chini yake, akainua mikono mitatu ya chuma iliyokuwa juu ya paa mpaka ikagusana na mikono mitatu ya nguzo, na umeme ukaingia katika ile mota, ambayo ikalikaza gurudumu mwendo. Kazi hiyo ilichukua baina ya nusu dakika na dakika tatu. Na ili kuufupisha muda huo, nguvu ya umeme wa nguzo ilipandishwa kutoka volti 380 hadi 500. Mikono ikishushwa, mambo yakageuka: kapasita zikaiamsha mota ile ile ikawa jenereta, gurudumu likawa ndilo linaloizungusha, na umeme uliozalishwa ukapelekwa kwenye mota ya pili iliyoendesha magurudumu ya barabarani. Na dereva alipofunga breki, hakuipoteza nguvu ya mwendo kwa kusugua vyuma hadi vikapata moto, kama wafanyavyo madereva wa dizeli hata leo, bali sehemu yake ilirudi kwa njia ya umeme mpaka katika gurudumu, ikangoja kutumika tena. Mpango huo wa kurejesha nguvu ya breki, ambao siku hizi husifiwa katika matangazo ya magari mapya, ulikuwa ukifanya kazi katika jairobasi la majaribio lililoonyeshwa hadharani mwaka 1950.

Hikima hii ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo hauonekani kwa macho bali kwa hesabu. Ukilichukua gurudumu la uzito huo na upana huo, ukalihesabu kama sahani nene iliyojaa chuma, utapata kwamba likizunguka mara 3,000 kwa dakika limehifadhi karibu kilowati-saa 6.6. Nayo nguvu iliyomo katika gurudumu hufuata mraba wa kasi yake, maana yake likipungua mpaka nusu ya mzunguko limekwisha kutoa robo tatu ya akiba, na kinachobaki hakitoshi kulisukuma basi kwa heshima. Basi tuseme zilizofaa kutumika ni kilowati-saa tano. Lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa kumi, na ijapokuwa injini hupoteza thuluthi mbili zake kwa joto, bado ile thuluthi inayobaki hutuonyesha kwamba tani moja na nusu ya chuma kilichozunguka kwa kasi ya ajabu ilibeba kazi iliyo sawa na lita moja na nusu hivi ya mafuta. Kwa akiba hiyo basi la Oerlikon liliweza kwenda hadi kilomita sita kwenye barabara tambarare. Wabunifu walijua hivyo, na kwa insafu lazima tuseme kwamba hawakudai zaidi ya hapo. Walichokidai ni kwamba kilomita sita zatosha, maadamu nguzo ya kuchajia iko karibu.

Upo na mpaka wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio ulioleta maafa. Mtoto aliyewahi kuchezea pia anajua kwamba ikishika kasi hukataa kulazwa: ukiisukuma upande mmoja hukwepa kwa upande mwingine, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo ukaidi wake unavyozidi. Gurudumu la jairobasi lilikuwa na ukaidi huohuo kwa kipimo cha tani. Kwa kuwa mhimili wake ulisimama wima, basi liliweza kukata kona kushoto na kulia bila ya kulibughudhi, na hapo ndipo ilipokuwa busara ya kulilaza. Lakini mahali ambapo gari huinama mbele na kuinuka nyuma, au huyumba ubavu kwa ubavu, kama lifanyavyo kila gari lipitalo juu ya shimo au tuta, gurudumu hukataa kuinama pamoja na gari. Na kwa kuwa halina budi kuinama, ugomvi wote huo huishia katika kitu kimoja kidogo, nacho ni beringi zinazoushika mhimili, zile gololi za chuma zinazobeba tani moja na nusu kwa mizunguko 3,000 kila dakika. Juu ya lami iliyonyooka gololi hizo huishi maisha marefu. Juu ya barabara mbovu kila shimo ni nyundo.

Huduma ya kwanza ya kudumu ilianza Oktoba 1953 baina ya Yverdon na Grandson, miji miwili midogo iliyo kando ya ziwa la Neuchâtel, kwenye njia isiyofika kilomita tano, ya tambarare na lami nzuri. Mabasi mawili yalitosha. Yalifanya kazi yake kwa utulivu miaka saba, na mwezi Oktoba 1960 yakaondolewa, si kwa sababu ya kuvunjika bali kwa sababu abiria hawakuwa wengi wa kuyalipia. Jambo lisilokuwa la ajabu, kwani ndiyo sifa ya njia za pembeni ambazo jairobasi lilibuniwa kwa ajili yake. Uswisi haikutufunza mengi zaidi ya kwamba mashine yaweza kufanya kazi ikitunzwa, na sitakaa zaidi huko.

Léopoldville ilikuwa habari nyingine kabisa. Mji huo mkuu wa Kongo ya Wabelgiji ulikuwa katika miaka ya 1950 ukikua kwa kasi, watu wakimiminika kutoka mashamba, na makazi ya Waafrika yakienea mbali na ofisi, bandari na maduka walikofanya kazi. Hapo, kuanzia mwaka 1955, yaliletwa majairobasi 12, yakawekwa katika njia nne ambazo kwa jumla zilikuwa na urefu wa kilomita 20, na nguzo za kuchajia zikasimamishwa kwa masafa ya kilomita mbili hivi baina ya moja na nyingine. Yalikuwa makubwa kuliko ndugu zao wa Uswisi: urefu wake mita 10.4, uzito wake tani 10.9, na uwezo wake abiria hadi 90. Hakuna mji mwingine wowote duniani, kabla ya hapo wala baada yake, uliotegemea gurudumu kwa kiasi hicho.

Msomaji akumbuke Storsand alikusudia nini. Alibuni gari la njia tulivu, lenye safari chache, ambalo lingepumzika kituoni bila ya kumchelewesha mtu. Na tazama, gari hilo lilipelekwa kwenye mji wenye msongamano, njia zenye abiria wengi, joto na unyevu wa bonde la mto Kongo, na mvua zinazogeuza barabara ya udongo kuwa tope kwa saa moja. Mtu angaliweza kukisia yatakayotokea kwa kuisoma ramani tu, nayo yalitokea. Beringi za gurudumu zilivunjika. Unyevu wa hewa ulizitaabisha mota za kuendeshea mpaka zikazidiwa. Uchakavu wa kila namna ukaja upesi kuliko ilivyotazamiwa.

Katika maelezo yaliyotufikia juu ya mkasa huo, sababu moja hurudiwa kila mara, kwamba madereva walikuwa wakipita njia za mkato zisizokuwa na lami, ambazo baada ya mvua zilikuwa madimbwi ya tope, na kwa hivyo wakaziharibu beringi. Jambo lenyewe yumkini lilikuwa kweli, lakini lawama iliyomo ndani yake siikubali, na nataka kueleza kwa nini. Dereva wa basi la mjini ana saa za kufika na abiria wa kuwafikisha. Akiona njia kuu imezibwa na njia fupi iko wazi, hupita njia fupi, na hivyo ndivyo wafanyavyo madereva wa Dar es Salaam, wa Mombasa na wa kila mji ninaoujua. Fauka ya hayo, dereva wa jairobasi alikuwa na sababu moja zaidi ambayo dereva wa dizeli hana: nguvu yake ilikuwa ikipungua kila dakika hata akiwa amesimama, kwani gurudumu huendelea kupoteza mwendo kwa msuguano, na masafa ya kufikia nguzo ya mbele hayakuwa na ziada. Kukaa katika msongamano kwa gari kama hilo ni kuila akiba ya safari. Mhandisi akilileta katika mji wenye barabara za udongo gari lisilovumilia udongo, kisha gari likafa udongoni, aulizwe kwanza mwenye kulichagua na kulinunua, ndipo afuate mwenye kushika usukani. Na katika koloni, ambako mwenye kuchagua na mwenye kushika usukani hawakukaa baraza moja, haishangazi kwamba lawama ilishuka chini ikatua kwa yule asiyekuwa na kalamu.

Hata hivyo beringi sizo zilizolifunga shauri. Kilichofunga shauri ni daftari la umeme. Kampuni iliyoyaendesha mabasi hayo ilipima na kuona kwamba kila jairobasi lilikuwa likila kilowati-saa 3.4 kwa kila kilomita moja, ikaamua kwamba gharama hiyo haistahimiliki; na katika kiangazi cha mwaka 1959 huduma ikakoma, magari yakaachwa.

Nambari hiyo, 3.4, yastahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika habari hii, kwa maana ndani yake mna makosa yote ya chombo yakiwa yamejumlishwa. Mna uzito wa gurudumu, ambao ulibidi ukokotwe kila mahali hata likiwa karibu tupu. Mna nguvu iliyopotea kwa kugeuka mara mbili, kutoka umeme kuwa mzunguko na kutoka mzunguko kuwa umeme. Mna msuguano usiolala, gari likisimama au likienda. Na ukiiweka kando ya hesabu yetu ya awali ya kilowati-saa tano, utaona dhahiri shahiri kwamba, hata tukikubali kuwa sehemu ya umeme uliopimwa ilipotea baina ya nguzo na gurudumu, akiba ya gurudumu lililojaa ilikaribia kwisha ndani ya kilomita mbili za Léopoldville, na kilomita mbili ndiyo masafa yaliyotenga nguzo na nguzo. Zile kilomita sita za Uswisi zilikuwa kweli kwa Uswisi. Basi lililofika nguzo na kuikuta imeshikwa na basi lenziwe halikuwa na pa kukimbilia.

Ghent, huko Ubelgiji, ilifuata mwaka 1956 kwa mabasi matatu yaliyokwenda hadi Merelbeke ng'ambo ya mto Scheldt, na mambo yakawa yaleyale kwa sura ya Kizungu: magari yalikaa karakana zaidi ya barabarani, uzito wake ukalalamikiwa kwa kuharibu njia, na kila kilomita ikala kilowati-saa 2.9, ilhali tramu, yenye nafasi ya abiria wengi zaidi, ilikula baina ya 2.0 na 2.4. Tarehe 24 Novemba 1959 huduma ilifungwa. Mojawapo ya mabasi hayo matatu, lililotengenezwa mwaka 1955, limehifadhiwa katika makumbusho ya tramu na mabasi huko Antwerp, nalo ndilo jairobasi la pekee lililobaki. Na hili latuonyesha kwamba Léopoldville haikushindwa kwa sababu ya Uafrika wake, kama ambavyo msomaji mwepesi angependa kudhani: mji wa Ulaya, wenye lami na mafundi karibu, uliyaacha mabasi yake katika mwaka uleule, na kwa hesabu ya namna ileile.

Baada ya hapo gurudumu halikuachwa moja kwa moja. Serikali ya Marekani ilitoa fedha mwaka 1979 ili kampuni ya General Electric itengeneze basi la gurudumu, na Volvo nayo ilijaribu katika miaka ya 1980 kuliunga gurudumu na injini ndogo ya dizeli. Hapakuzaliwa huduma ya kudumu. Mahali ambapo gurudumu limepata makao ya amani ni kwenye reli, katika mji wa Stourbridge huko Uingereza, ambako tangu mwaka 2009 vigari vidogo vya abiria vyenye gurudumu la kuhifadhi nguvu huenda na kurudi kwenye kipande cha reli kisichozidi kilomita moja na nusu. Reli haina mashimo, haina tope, na haina njia ya mkato. Nadhani hakuna ithibati iliyo wazi kuliko hiyo ya kwamba kilicholivunja jairobasi ni shimo la barabarani.

Lakini yaliyo makubwa zaidi yametokea kwa ile nusu nyingine ya fikra, nusu ya kituo. Mwaka 2006 mji wa Shanghai ulianzisha katika njia yake ya 11 mabasi yasiyotegemea waya wa mfululizo, ambayo hufika kituoni, huinua mkono wa paani, huchota umeme kwa muda mfupi abiria wanapopanda, kisha huendelea. Badala ya chuma kinachozunguka, umeme huwekwa katika kapasita kubwa, chombo kisichokuwa na kiungo hata kimoja kinachosogea, kisichojali shimo wala tuta, na kisichodai beringi. Akiba yake ni ndogo kama ilivyokuwa ndogo ya gurudumu, na masafa yake kutoka mchoto mmoja hadi mwingine hayapiti kilomita chache. Mpango ni ule ule. Kilichobadilika ni chombo.

Kisha ikaja Geneva. Mwaka 2013, kati ya uwanja wa ndege na ukumbi wa maonyesho wa Palexpo, lilijaribiwa basi lililopewa jina la TOSA, na baada ya miaka michache mabasi ya aina hiyo yakakabidhiwa njia nambari 23 ya mji huo. Basi linapofika kwenye kituo kilichotayarishwa, mkono wa paani hujiinua wenyewe ukaunga, na kwa sekunde 15 au 20 humiminwa ndani ya betri umeme wa kilowati 600, kisha basi huondoka bila ya abiria kuhisi kwamba pamefanyika jambo. Si lazima kila kituo kiwe na mtambo. Katika vituo 50 hivi vya njia hiyo 13 vilitosha. Waliouunda mtambo ni kampuni ya ABB. Na mwenye kufuata nasaba za viwanda atakumbuka kwamba Maschinenfabrik Oerlikon ilichukuliwa na Brown, Boveri & Cie mwaka 1967, na kwamba Brown, Boveri iliungana na kampuni ya ASEA ya Uswidi mwaka 1988 ikawa ABB. Kwa hiyo basi la kuchota nguvu kituoni lilirudi Uswisi baada ya nusu karne, mikononi mwa warithi wa nyumba ileile lilikozaliwa, likiwa limevuliwa tani moja na nusu ya chuma.

Naandika haya wakati ambapo suali la mahali pa kuuweka mzigo wa nguvu limekwisha kufika katika miji yetu. Nairobi ilianza kuyaona mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo mwaka 2022, na Kigali ikafuata. Hayo yamechagua jibu la pili, la kubeba betri kubwa ndani ya gari, nami sioni ubaya katika uchaguzi huo kwa miji ambayo njia za matatu hubadilika kila mara na hakuna aliye tayari kusimamisha mtambo wa gharama kwenye kituo kinachoweza kuhamishwa kesho. Dar es Salaam ni hali nyingine. Mabasi yaendayo kasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana njia yake peke yake na vituo vya kudumu vilivyojengwa kwa zege, na basi hurudi kituo kilekile mara nyingi kwa siku. Yaani tayari ipo sehemu kubwa ya yale ambayo Léopoldville haikuwa nayo, na ambayo jibu la tatu huyahitaji. Siku ambayo umeme utazungumzwa kwa njia hizo, ningependa nguzo ya kituoni ipewe nafasi ya kupimwa pamoja na betri ya siku nzima, badala ya kudhaniwa kuwa betri ndilo jibu la pekee.

Na ningependa upimaji huo ufanyike hapahapa, si kwa kunakili vitabu vya muuzaji. Basi lipakiwe abiria wa saa kumi na mbili jioni, katika mvua za masika, lipite Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni na kurudi, kwa wiki nyingi, na kilowati-saa zake kwa kila kilomita ziandikwe zikichapishwa wazi, za kila njia mbali na mwenziwe. Kampuni ya Léopoldville ilisubiri miaka minne ya huduma, na mabasi 12 yaliyokwisha kununuliwa, mpaka nambari 3.4 ikatoa hukumu. Ilhali basi moja, lililojaribiwa kwenye njia moja katika msimu mmoja wa mvua, lingaliweza kuipata.